Namba Isiyobakisha Kitu

Wamama wapenzi, chukueni karatasi na biki, ama mwiteni mtoto wa kalasi ya sita aandike namba hii: 360.360. Tunaisoma mia tatu na sitini elfu, mia tatu na sitini. Si namba ya telefone, si bei ya kitenge. Imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye ya mikutano yetu, na mtu akiifungua kaye hiyo kwa mara ya kwanza hudhani ni deni la mtu.

Igawanyeni kwa 2: 180.180. Kwa 3: 120.120. Kwa 4: 90.090. Kwa 5: 72.072. Kwa 6: 60.060. Kwa 7, ambayo watoto wengi wanaiogopa, inatoka 51.480 bila kubakisha kitu. Kwa 8: 45.045. Kwa 9: 40.040. Kwa 10: 36.036. Kwa 11: 32.760. Kwa 12: 30.030. Kwa 13: 27.720. Kwa 14: 25.740. Kwa 15: 24.024. Mwenye mashaka azidishe kurudi nyuma. Sisi tulifanya hivyo usiku mzima, kwa mishumaa, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na hakuna aliyetaka kulala kabla ya kuhakikisha ile ya 13.

Ukifika 16 ndipo inakataa: inabakisha 8. Lakini kutoka 1 hadi 15 inamkubali kila mmoja, na ni namba ndogo kuliko zote zinazoweza kufanya hivyo. Chukueni yoyote iliyo chini yake, kutoka 1 mpaka 360.359, lazima kuna mmoja kati ya hao kumi na tano ambaye itambakishia.

Namba hii ilitufikia kwa njia ya ugomvi, na ugomvi ulianzia kwenye viti.

Kikundi chetu kiko Kadutu, hapa Bukavu. Tuna viti 60 vya plastiki, masufuria makubwa na maturubai mawili. Tunavikodisha kwa ndoa, kwa ubatizo, kwa sherehe za diplome, na zaidi ya yote kwa matanga, maana matanga hayangoji mtu awe na makuta. Kinachoingia kinawekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wamama watatu wasiokaa nyumba moja. Kabla ya Noeli tunafungua, tunahesabu mbele ya wote, tunagawana sawa kwa sawa. Aliyebeba viti kichwani kwenye matope na aliyekuwa na mimba ya miezi minane wanapata kilekile. Hiyo ni sheria yetu tangu mwanzo.

Tulikuwa 12. Mwaka ule mama mmoja akaomba kuingia. Alikuwa amerudi kwa ndugu yake, huku juu ya kilima chetu, na mifuko miwili na sufuria moja kubwa. Mume na wakwe walikuwa wamemfukuza baada ya miaka tisa, kwa sababu hakuzaa. Neno alilokuwa akiitwa huko mnalijua. Hatuliandiki sasa, litakuja lenyewe mbele kidogo.

Katika mkutano, mmoja wetu akasema: “Dada zangu, mimi sina ubaya na mtu. Lakini 12 ni namba nzuri, inagawanyika. 13 inaharibu hesabu.” Wengine wakaitika. Mwingine akaongeza kwamba 13 ina mkosi, ameona kwenye filamu. Hapo mtunza sanduku wetu, asiyependa maneno mengi, akaomba biki.

Sanduku lilikuwa na franka 2.785.400. Sisi hatuhesabu kitu kilicho chini ya noti ya 100, kwa hiyo akaandika noti za mia 27.854. Kwa wamama 12, kila mmoja noti 2.321, zinabaki 2. Kwa wamama 13, kila mmoja noti 2.142, zinabaki 8. Akatugeuzia kaye tusome wenyewe. Ile 12 nzuri nayo ilikuwa imebakisha! Na kati ya kubakisha kwa 12 na kubakisha kwa 13 tofauti ni noti sita, franka 600.

Kulikuwa na tofauti nyingine, na kila mtu aliiona ingawa hakuna aliyeitaja. Kwa 12, kila mama angechukua 232.100. Kwa 13, angechukua 214.200. Ni franka 17.900 zinazotoka mkononi mwa kila mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa imejificha nyuma ya maneno ya mkosi na ya namba nzuri. Hatuwacheki waliokuwa na hofu hiyo. Kwa mama mwenye mtoto sekondari, 17.900 si kitu cha kuchezea. Tukaahirisha kwa wiki moja.

Ndani ya wiki hiyo, binti wa mmoja wetu, anayesomea ualimu wa hesabu, alikuja kusaidia kuosha viti baada ya kilio cha jirani. Mama yake alikuwa amemweleza shida yetu. Akavitazama vile viti akauliza: “Wamama, kwa nini mlinunua 60?” Tukamwambia ndivyo pesa zilivyotosha. Mama yetu mzee, anayeuza nyanya na ambaye hakufika hata kalasi ya pili, akakataa. Akasema yeye ndiye aliyesisitiza 60, kwa sababu 60 inakubali kupangwa. Mistari 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, kila uwanja una mstari wake. Hata nyanya, ukipata 60 kwenye ndoo, unaweza kupanga mafungu ya tano tano au ya sita sita kulingana na wateja wa siku hiyo, na hakuna nyanya inayobaki peke yake bila fungu. Na mguu wa kiti kimoja ukivunjika tukabaki na 59, kazi ni hasara: 59 haipangiki kwa namna yoyote. Ama mstari mmoja wa watu 59, ama kiti kimoja kimoja mpaka barabarani.

Binti akacheka, akasema mama mzee amemaliza somo la muhula mzima. Kisha akachukua kipande cha mkaa, na kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba akaanza kutujenga sisi wenyewe, mama baada ya mama.

Tuseme kikundi kina sanduku la 60. Mkiwa mmoja, wawili, watatu, wanne, watano au sita, 60 inawatosha wote bila kubakisha. Mama wa saba anafika. 60 kwa 7 ni 8, inabaki 4. Hakuna namna ya kumpatia nafasi isipokuwa kuzidisha sanduku lote mara 7: inakuwa 420. Mama wa nane anafika. Je, tuzidishe mara 8? Hapana, kwa sababu 8 ni 2 mara 2 mara 2, na ndani ya 420 tayari kuna 2 mbili. Anadai 2 moja tu iliyopungua: 840. Wa tisa ni 3 mara 3, na 3 moja iko tayari, basi anadai nyingine moja: 2.520. Wa kumi anapofika haombi kitu. 10 ni 2 mara 5, na zote zimo. Anaketi, anapata 252 yake.

Wa kumi na moja ni mgumu. 2.520 kwa 11 inabakisha 1, na hakuna kipande chake popote ndani. Lazima kuzidisha mara 11: 27.720. Wa kumi na mbili anaketi bure. Wa kumi na tatu anafika, na 27.720 kwa 13 inabakisha 4. Tunazidisha mara 13, na hiyo ndiyo 360.360 yetu. Baada yake, wa kumi na nne ni 2 mara 7, anaketi bure. Wa kumi na tano ni 3 mara 5, anaketi bure. Yule mgumu aliyetangulia amewafungulia mlango, nao wala hawajui.

Siku ya mkutano binti akarudia hayo yote kwenye karatasi kubwa. Yule mama aliyeomba kuingia alikuwepo, ameketi karibu na mlango, kwa sababu tulikuwa tumemwita aje kusikia jibu. Binti akavunja namba yetu mpaka mwisho, hivi: 2 mara 2 mara 2, mara 3 mara 3, mara 5, mara 7, mara 11, mara 13. Akasema vipande hivi havivunjiki tena. Na kwa kuwa sehemu ya vitabu alivyosoma vilikuwa vya Tanzania, akavitaja kwa Kiswahili cha vitabu hivyo: “Hizi ndizo zinaitwa namba tasa.”

Watu wakanyamaza. Mmoja wetu akaangalia chini. Binti, masikini, hakujua kwa nini.

Sisi tuliosoma kidogo shuleni tulizisoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa zinaitwa namba za kwanza. Ni kitu kilekile na majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Aliyezipa jina la tasa aliangalia jambo moja: kwamba ukiitafuta namba nyingine ndani ya 7 au ndani ya 13 huipati, kuna 1 na yenyewe tu. Aliyeziita za kwanza aliangalia upande wa pili: kwamba namba nyingine zote zinatoka kwao. 4 imetoka kwa 2 na 2. 12 imetoka kwa 2, 2 na 3. 60 ya viti vyetu, 27.854 ya noti zetu, milioni ya tajiri, zote zimetengenezwa na hizo zinazoitwa tasa, na hakuna kitu kingine cha kuzitengenezea. Tena kila namba ina ukoo wake mmoja tu. Anzeni kuivunja 360.360 kwa njia yoyote, mseme 12 mara 30.030, ama 15 mara 24.024, ama 7 mara 51.480, endeleeni mpaka isivunjike. Mtafika palepale: 2 tatu, 3 mbili, 5, 7, 11 na 13. Na ukoo huo hauishi. Mgriki mmoja, Euclid, alionyesha miaka kama 2.300 iliyopita kwamba hata ukizikusanya nyingi kiasi gani, daima kuna nyingine ambayo hukuihesabu.

Tungependa kuwaambia kwamba mtu alisema neno zuri siku hiyo. Hakuna. Yule mama karibu na mlango aliuliza swali moja: “Na 13 ni ya namna hiyo?” Binti akajibu ndiyo, 13 ni ya namna hiyo.

Tukapiga kura, akaingia. Msifikiri namba ilifanya kazi yote. Mmoja wetu alisema hapana mpaka mwisho, kwa sababu ya ile 17.900, na tunaendelea kupika naye sufuria moja. Mwaka ule tuligawana kwa 12, kwa kuwa mgeni hakuwa amebeba kiti hata kimoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja hilo kwanza. Sufuria yake ikaingia kwenye mali ya kikundi. Na ile desturi ya kugombania noti zinazobaki tuliikata siku hiyohiyo: kinachobaki, kiwe noti 2 au noti 12, ni cha sabuni ya kuoshea masufuria. Mnaweza kuona kwamba kwa wamama 13 hakiwezi kuzidi noti 12. Ikifika 13, kila mmoja anaongezewa moja. Mtunza sanduku wetu anasema sheria hiyo imempunguzia maneno kuliko kufuli zote tatu.

Tangu hapo tumekuwa watu wa kuulizauliza juu ya namba, na binti yetu hatuletei tena habari za shule, anatuletea hizi. Siku moja alituambia habari ya mfupa wa Ishango. Ishango iko kwetu, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka kwenye ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji aitwaye Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata mfupa mdogo wenye mikwaruzo iliyochongwa kwa mafungu, wa kadiri ya miaka 20.000. Leo uko Brussels, kwenye jumba la makumbusho. Mikwaruzo imepangwa mistari mitatu. Mstari mmoja una mafungu ya 11, 13, 17 na 19: jumla 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9: jumla 60. Wa tatu, ukijumlisha, una 48. Mama mzee aliposikia 60 mara mbili alipiga makofi kana kwamba ameletewa salamu.

Wataalamu hawakubaliani juu ya kazi ya mfupa huo. Wengine wanaona hesabu ya kweli, maana 11, 13, 17 na 19 ndizo tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wengine wanasema ni hesabu ya siku za mwezi wa angani. Mwandishi mmoja wa Marekani, Claudia Zaslavsky, aliuliza: kama ni hesabu ya mwezi, ni nani mwenye haja ya kuihesabu kuliko mwanamke? Sisi hatukuwepo, hatuwezi kuapa. Lakini kila mama anayesoma hapa ameshawahi kuhesabu siku zake kwa vidole, kwa fundo za kitambaa au kwa alama ya mkaa nyuma ya mlango, na hakuna aliyemwita mtaalamu wa hesabu.

Turudi kwenye 360.360, maana watoto wenu wataipenda kwa sababu nyingine. Itazameni jinsi ilivyoandikwa: 360, kisha 360 tena. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili hivyo, inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Mwambieni mtoto achague mwenyewe. Akichagua 258, aandike 258.258. Agawanye kwa 7: 36.894. Jibu hilo aligawanye kwa 11: 3.354. Hilo tena kwa 13, na 258 yake inarudi. Watoto wa jirani walifikiri tunafanya uganga. Siri ni kwamba kuandika 258 mara mbili ni kuwa na 258 elfu na 258 moja, yaani 258 mara 1.001, na 1.001 ni 7 mara 11 mara 13. Basi 360.360 ni 360 mara 1.001. Ile 360 inawabeba wadogo, kina 2, 3 na 5. Ile 1.001 inawabeba wagumu watatu. Hii tumeipenda kuliko mengine yote, na usiku bila umeme inatosha kunyamazisha nyumba nzima kwa saa moja.

Kuna na tisa. Jumlisheni tarakimu za namba yetu: 3 na 6 na 0 na 3 na 6 na 0, ni 18. Na 1 na 8 ni 9. Jumla ya tarakimu ikifika 9, namba inagawanyika kwa 9. Sababu yake ni nyepesi: toeni tisa tisa kwenye 10, inabaki 1. Kwenye 100 inabaki 1, kwenye 1.000 inabaki 1. Kwa hiyo kila tarakimu, popote inapokaa, inabaki ilivyo. Waliosoma zamani wanaikumbuka kwa jina la kuhakikisha kwa tisa.

Hiyo ilikwenda kusaidia kikundi cha jirani, ambacho hatutakitaja. Kaye yao ilizidi sanduku kwa franka 18.000, na mtunza sanduku wao alikuwa ameanza kutazamwa vibaya hata kanisani. Siku ya tatu alikuwa haji kuchota maji saa ambayo wengine wanachota. Mtunza sanduku wetu alikwenda kwao, akauliza ni kiasi gani, akasema: “18.000 inagawanyika kwa 9. Kabla ya kumtafuta mwizi, tafuteni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.” Ukigeuza tarakimu mbili, 12 ikawa 21, au 47 ikawa 74, tofauti daima inagawanyika kwa 9. Walikagua risiti moja moja. Kulikuwa na siku waliyopokea 68.500, na kwenye kaye imeandikwa 86.500. Toeni, mtapata 18.000 kamili. Ni kweli kwamba mwizi naye anaweza kuiba 18.000, tisa haimwachii mtu huru. Inakuonyesha pa kutazama kwanza, na mama yule alirudi kisimani kesho yake asubuhi.

Kuna jambo moja ambalo binti yetu hakulifikiria, na mtunza sanduku alilishika haraka. Tukiwa na franka 360.360 kweli sandukuni, tukiwa 13, kila mmoja anastahili 27.720. Sawa, lakini ile 20 tutaitoa wapi? Sanduku letu halina kitu chini ya noti ya mia. Karatasi inakubali, noti zinakataa. Ili namba yetu ifanye kazi kwa noti za mia, lazima ziwe noti 360.360, yaani franka 36.036.000. Tulicheka mpaka machozi. Viti 60 havitaleta pesa hiyo hata watu wote wa Bukavu wafunge ndoa siku moja. Ndiyo maana namba inakaa kwenye ukurasa wa nyuma, na sabuni inaendelea kununuliwa kwa kinachobaki.

Mama wa kumi na nne aliingia mwaka jana, na wa kumi na tano mwezi wa tatu mwaka huu. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyetaja mkosi. Sasa kuna mmoja anayeulizia, na atakuwa wa kumi na sita. Kwenye karatasi anadai 2 moja tu: 720.720, kila mmoja 45.045. Wa kumi na saba ndiye atakuwa mzito, kwa sababu 17 ni ya ukoo ule wa 13, na atatupeleka mpaka 12.252.240. Na wa kumi na nane, popote alipo sasa hivi, hatadai kitu: 12.252.240 kwa 18 ni 680.680. Kiti chake tu ndicho bado hatujakinunua.